Batli ya tarakilishi: Jinsi mwandishi wa kumbukumbu anavyoweza kuzamisha chombo

MABAHARIA wa pwani yetu wana neno moja lenye maana mbili. Batli ni kifaa cha kupimia mwendo wa chombo, na pia ni daftari ambamo habari za safari huandikwa siku hadi siku. Chombo kikipatwa na mkasa, daftari hilo ndilo litakaloeleza upepo ulivuma kutoka wapi, tanga lilishushwa saa ngapi na maji yalianza kuingia lini.

Tarakilishi, au kompyuta kama wengi waiitavyo, nayo ina batli yake. Tangu sekunde ya kwanza inapowashwa, sehemu yake ya ndani kabisa huandika habari za kila kifaa kilichotambuliwa na kila hitilafu iliyojitokeza. Watumiaji wengi hawaioni kamwe. Hata hivyo, mashine inapokufa ghafla, mistari michache ya mwisho ya batli hiyo huwa ndiyo shahidi pekee.

Kuandika mstari mmoja wa habari kwaonekana kuwa kazi nyepesi. Ajabu ni kwamba kazi hiyo imewashughulisha wataalamu wa mfumo wa Linux kwa zaidi ya miaka 20, kwa kuwa mwandishi wa batli asipopangiwa zamu yake kwa uangalifu, yeye mwenyewe huweza kuwa chanzo cha ajali anayopaswa kuiripoti.

Kiini kilicho mfukoni

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kwa usahihi, jina hilo ni la kiini, ambacho wataalamu hukiita kerneli, yaani programu inayosimama kati ya vifaa vya mashine na programu nyingine zote. Kiini ndicho kinachogawa nafasi katika kumbukumbu, kinachozungumza na diski, skrini na antena, na kinachoamua ni programu ipi itumie prosesa na kwa muda gani. Tangu Novemba 2017, tarakilishi zote 500 zilizomo katika orodha ya zile zenye kasi zaidi duniani hutumia Linux.

Kiini hicho hakiko mbali nasi. Simu za Android, ambazo zilianza kuuzwa ulimwenguni mwaka wa 2008, zimejengwa juu ya Linux. Nchini Kenya zilienea baada ya simu za bei nafuu za aina hiyo kuingia sokoni mwanzoni mwa mwongo uliofuata. Leo mvuvi wa Ndau, kisiwa kidogo kilicho kaskazini mashariki mwa Pate katika Kaunti ya Lamu, akiingia mashuani na simu ya Android mfukoni, anabeba kiini cha Linux pamoja na batli yake.

Kwa mtu wa kisiwani, ambaye njia yake ya kwenda Lamu ni bahari, simu hiyo ni chombo cha kutumia pesa, kuulizia bei ya samaki na kuita msaada. Ikigoma katikati ya safari, si usumbufu tu. Na atakapoifikisha kwa fundi, swali la kwanza ambalo fundi hodari angependa kujibiwa ni hili: kiini kiliandika nini kabla ya kunyamaza?

Kuandika na kutangaza

Katika Linux, kazi ya kuandika batli hufanywa na kijiprogramu kiitwacho printk. Hupokea ujumbe kutoka pembe zote za kiini na kuushughulikia kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kuuweka ujumbe katika hifadhi ya duara ndani ya kumbukumbu ya mashine. Huitwa ya duara kwa sababu ikijaa, ujumbe mpya hufuta ule mkongwe zaidi. Ukubwa wake wa kawaida ni kilobaiti 128, ingawa mtengenezaji wa mashine anaweza kuubadilisha. Hatua hii ni ya haraka mno.

Hatua ya pili ni kuutangaza ujumbe huo katika konsoli, yaani mahali ambapo binadamu au mashine nyingine inaweza kuusoma. Konsoli yaweza kuwa skrini, mtandao, au mlango wa siriali, ambao hupitisha biti moja baada ya nyingine katika waya. Huu wa mwisho ni wa kizamani, lakini mafundi bado wanauenzi kwa kuwa hufanya kazi hata sehemu nyingi za mashine zikiwa zimekufa.

Tatizo la mlango wa siriali ni ukonokono wake. Kwa kasi iliyozoeleka ya biti 115,200 kwa sekunde, na kila herufi ikihitaji biti 10, hupitisha herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari mmoja wa herufi 80 huchukua takriban milisekunde 7. Kwa binadamu muda huo ni kufumba na kufumbua, lakini kwa prosesa ya gigahezi 1 ni mapigo milioni 7 ya saa yake. Ikiwa hifadhi ya kilobaiti 128 imejaa, kuitangaza yote huchukua zaidi ya sekunde 11.

Kila ujumbe hupewa daraja, kuanzia 0 hadi 7. Daraja la 0 ni la mkasa unaofanya mfumo usiweze kutumika tena, na la 7 ni la habari za kumsaidia mwandishi wa programu kusaka kasoro. Msimamizi wa mashine anaweza kuamuru kwamba ni jumbe za madaraja mazito pekee zitakazotangazwa katika konsoli, huku nyingine zikibaki hifadhini.

Zamu na kufuli

Prosesa moja hufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Iwapo programu 50 zaonekana kwenda pamoja, ni kwa sababu kiini huzipa zamu fupi fupi. Sehemu inayopanga zamu hizo tuiite msimamizi wa zamu. Yeye ana uwezo wa kumnyang'anya prosesa anayeitumia na kumpa mwingine mwenye haki zaidi. Kitendo hicho ndicho upokonyaji wa zamu.

Zamani upokonyaji uliishia nje ya kiini. Programu ya kawaida ingeweza kupokonywa zamu, lakini kazi inayofanyika ndani ya kiini chenyewe iliachwa imalize au ijitoe kwa hiari. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, liliruhusu upokonyaji hata ndani ya kiini kwa mashine zilizowekwa hivyo. Simu na vyombo vya muziki vilifaidika, maana mashine iliitikia mguso na sauti upesi zaidi.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Konsoli nayo haiwezi kuandikwa na wengi kwa pamoja, kwani herufi za ujumbe mmoja zingechanganyikana na za mwingine. Kwa hiyo iliwekewa kufuli. Anayetaka kutangaza sharti kwanza aipate, na akimaliza aiachie.

Hapo ndipo penye mtego. Chukulia mashua itokayo Ndau kwenda Lamu, ikipita kati ya mikoko na mafungu ya mchanga maji yakipwa. Daftari la safari limo kashani, na kasha lina ufunguo mmoja. Nahodha akiuchukua ufunguo huo, akaachia usukani ili aandike kurasa tatu, chombo kitapanda fungu. Akimpa ufunguo baharia ambaye ataitwa kukama maji na kuondoka nao mfukoni, hakuna mwingine atakayeweza kuandika hata maji yakianza kuingia. Kiini hukabiliwa na hatari zote mbili.

Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni ya kushika bila kuachia. Katika utaratibu wa zamani wa Linux, aliyekuta kufuli ya konsoli imeshikwa hakungoja. Aliacha ujumbe wake hifadhini na kwenda zake, na aliyekuwa na kufuli ndiye aliyebeba jukumu la kuutangaza. Ikiwa prosesa nyingine zinazidi kumwaga jumbe, yule mmoja atatangaza bila kikomo.

Ikiwa wakati huo amezuia upokonyaji wa zamu, prosesa yake haifanyi kazi nyingine yoyote. Mistari 3,000 tu katika mlango wa siriali tuliokwisha kuutaja humgharimu takriban sekunde 21. Kiini kina mlinzi ambaye, kwa kawaida, prosesa ikishindwa kubadilisha zamu kwa sekunde 20, hupiga kelele kwamba imekwama. Kelele hizo nazo ni mistari mingine ya batli, inayoongezwa katika mlolongo ule ule ulioleta mkwamo.

Hatari ya pili ni kinyume chake. Aliyeshika kufuli akiruhusiwa kupokonywa zamu, huenda akawekwa kando akiwa nayo. Kama ni kazi ya daraja la chini katika mashine yenye shughuli nyingi, huenda asirudishiwe prosesa kwa muda mrefu. Wote wanaoandika wataacha jumbe zao hifadhini wakiamini kuna wa kuzitangaza, kumbe hayupo. Mashine ikifa katika muda huo, maneno yake ya mwisho hayatafika katika konsoli.

Hatari ya tatu humhusu msimamizi wa zamu mwenyewe. Naye hukumbwa na hitilafu na kutaka kuandika. Lakini kuachia kufuli ya konsoli huweza kuhitaji kumwamsha anayeingoja, na kuamsha ni kazi ya msimamizi wa zamu, ambaye tayari ameshika kufuli zake mwenyewe. Atajingoja yeye mwenyewe milele, na mashine nzima itaganda kimya.

Funzo kutoka Mars

Hatari ya pili si nadharia tupu, wala si ya Linux pekee. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder, kilichotua katika sayari ya Mars Julai 4, 1997 kikitumia mfumo tofauti, kilianza kujizima na kujiwasha upya siku chache baada ya kutua.

Wahandisi waligundua kuwa kazi ya daraja la chini, iliyokusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa ikishika kufuli kisha inapokonywa zamu na kazi za daraja la kati. Kazi ya daraja la juu, iliyohitaji kufuli hiyo hiyo, ilibaki ikingoja. Mlinzi wa mfumo alipoona kazi muhimu haijakamilika kwa wakati, aliiwasha mashine upya.

Kasoro ilipatikana kwa sababu mfumo ulikuwa na uwezo wa kuandika mfuatano wa matukio, nao wahandisi waliuchunguza kwa mashine pacha iliyokuwa duniani. Tiba ikatumwa kutoka huku: anayeshika kufuli aazimwe daraja la yule mkubwa anayemngoja, ili amalize upesi na kuiachia.

Safari ya marekebisho

Katika Linux tiba ya batli ilipatikana hatua kwa hatua. Mwaka wa 2012, katika toleo la 3.4, msimamizi wa zamu alipewa njia yake maalumu ya kuandika. Ujumbe wake huwekwa hifadhini tu, na utangazaji huahirishwa hadi atakapokuwa ameachia kufuli zake.

Mnamo mwaka wa 2016, Tejun Heo aliingiza rekebisho la kumwezesha mwenye kufuli kujitoa zamu kati ya mstari na mstari, pale inapokuwa salama kufanya hivyo. Baadaye mwaka huo Sergey Senozhatsky alilipanua liwafae baadhi ya wanaoita printk moja kwa moja. Hatari ya kwanza ikapungua, lakini ya pili ikachipuka: kufuli ilianza kushikwa na waliolala.

Toleo la 4.16 la mwaka wa 2018 lilibadilisha mkondo. Ruhusa ya kujitoa zamu ndani ya printk iliondolewa. Badala yake, Steven Rostedt alibuni utaratibu wa kukabidhiana. Akitokea mwandishi mwingine, hungoja papo hapo, na mwenye kufuli akimaliza mstari wake humkabidhi kazi na kuondoka. Anayengoja huwa mmoja tu. Upokonyaji unabaki umezuiwa, lakini mzigo unagawanywa.

Hatua kubwa zaidi ilifuata Desemba 2020 katika toleo la 5.10, ambapo hifadhi ya duara iliyoundwa na John Ogness iliwezesha ujumbe kuandikwa bila kufuli hata kidogo. Kuanzia hapo hatua ya kwanza na ya pili zilianza kutenganishwa kikamilifu.

Lengo likawa kumpa kila konsoli mtumishi wake, atakayetangaza kwa zamu yake kama kazi nyingine yoyote. Jaribio la kwanza, lililolengwa toleo la 5.19 mwaka wa 2022, liliondolewa kabla ya toleo hilo kukamilika, kwa kuwa kulikuwa na hali ambamo jumbe hazikufika konsoli zilipohitajika. Kutangaza kwa utulivu ni kuzuri bahari ikiwa shwari, lakini mashine inayokufa haina nafasi ya kumngoja mtumishi.

Jibu lilipatikana katika toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024. Konsoli za aina mpya zina watumishi wao, na umiliki wake una madaraja matatu: kawaida, dharura na mkasa. Wakati wa kawaida mtumishi hufanya kazi na anaweza kupokonywa zamu bila madhara. Likitokea la dharura, mwenye daraja la juu humwondoa na kutangaza mwenyewe hapo hapo. Hata hivyo, mtumishi huweka alama anapokuwa katikati ya kugusa kifaa, ili asinyang'anywe kifaa kikiwa nusu nusu. Ni katika mkasa wa mwisho pekee, njia nyingine zote zikishindikana, ndipo alama hiyo hupuuzwa.

Marekebisho hayo yalikuwa kikwazo kikubwa cha mwisho kwa mradi mwingine uliochukua takriban miaka 20: ule wa kuifanya Linux itii muda kwa uhakika, ambao hutumika katika viwanda na mitambo isiyovumilia kuchelewa. Septemba 2024 mjini Vienna, Thomas Gleixner alimkabidhi Torvalds ombi la kuuingiza mradi huo likiwa limechapishwa katika karatasi na kufungwa kama zawadi, nao ukaingizwa katika toleo hilo la 6.12. Si konsoli zote zilizohamia mtindo mpya wakati huo, na ndiyo maana utaratibu wa kukabidhiana wa 2018 ulibakizwa kwa zile za zamani.

Kanuni za kuzingatia

Vijana wa vyuo vikuu vyetu wanaoandika programu za kuendesha vifaa wanaweza kujikinga kwa kanuni chache.

Kwanza, ujumbe upewe daraja linalostahili. Habari ya kawaida ikitangazwa kama dharura humpora nafasi mwenye dharura ya kweli.

Pili, usiandike ndani ya mzunguko usio na kikomo. Linux ina njia ya kupima mtiririko ambayo kwa kawaida huruhusu jumbe 10 katika kila sekunde 5, na zinazozidi huhesabiwa bila kutangazwa.

Tatu, usiandike ovyo ukiwa umeshika kufuli au umezuia upokonyaji. Kusanya habari, achia kufuli, kisha andika.

Nne, kamwe usilale ukiwa mahali ambapo msimamizi wa zamu haruhusiwi kukuhamisha, kwa mfano unaposhughulikia mkatizo kutoka kwa kifaa.

Tano, punguza yanayotangazwa, si yanayoandikwa. Konsoli yaweza kunyamaza huku batli ikibaki kamili.

Sita, tenga eneo la kumbukumbu lisilofutika mashine inapojiwasha upya. Simu nyingi za Android hufanya hivyo, na ndiyo sababu fundi mwenye vifaa anaweza kusoma maneno ya mwisho ya simu iliyojizima.

Kwa mtumiaji wa kawaida, ushauri ni mfupi. Skrini ya tarakilishi ikijaa maandishi na kuganda, ipige picha kabla ya kuizima. Simu ikijizima na kujiwasha mara kwa mara, usikimbilie kufuta kila kitu na kuirejesha katika hali ya kiwandani kabla fundi hajaitazama. Unaweza kufuta ushahidi na kubaki na ugonjwa.

Limebaki suala la lugha. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizindua programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na kuthibitisha kuwa lugha yetu yaweza kubeba teknolojia hii. Jumbe za kiini cha Linux zingali za Kiingereza, na hazitafsiriwi kwa lugha nyingine yoyote. Fundi wa Lamu asiyepata maelezo kwa lugha yake atazipita mistari hiyo kama michoro, ilhali jibu la mteja wake wa Ndau limo humo humo.